Kumchana Mbwa Mwenye Manyoya ya Kujisokota

Likizo ya Juni nilikaa kwa shangazi yangu, Arusha. Jirani yake alikuwa amehama, akamwachia mbwa mdogo wa aina ya pudeli, jina lake Simba. Shangazi aliniambia, "Mwanangu, kazi yako likizo hii ni Simba." Nikajibu, "Vema, shangazi," nikidhani kazi yenyewe ni kumwogesha tu. Nilikosea, na aliyeumia kwa kosa langu ni mbwa. Ndiyo sababu naandika habari hizi.

Pudeli si kama mbwa wetu wa kienyeji. Zamani wawindaji wa Ulaya walimtumia kuwaletea bata waliopigwa risasi majini, na jina lake latokana na neno la Kijerumani la kuchezacheza majini. Manyoya yake huzidi kukua kama nywele za mtu. Tena yale yanayong'oka hayaanguki chini sana, bali hunaswa katika yale mengine yaliyojisokota. Yasipochanwa hufanya mafundo, na mafundo hushikamana kama blanketi karibu na ngozi. Lakini kwa juu mbwa huonekana safi kabisa.

Hapo ndipo nilipopotea. Nilipitisha brashi juu juu, nikamtia Simba katika karai na kumpaka sabuni. Kumbe maji hukaza mafundo! Alipokauka, kitana hakikupita. Nilipovuta alilia, na nyuma ya masikio ngozi ilikuwa nyekundu. Siku mbili nzima kila akiniona alikimbilia uvunguni. Shangazi akamwita bwana mifugo, naye akayanyoa mafundo yale, kisha akanifundisha hivi:

Kwanza, ngoja mbwa atulie, hasa baada ya matembezi. Mzoeze kushikwa miguu na masikio. Siku za mwanzo dakika 5 au 10 zatosha.

Pili, mchane akiwa mkavu. Gawa manyoya kwa mkono hata uone ngozi, uchane fungu dogo dogo, ukianza nchani na kushuka polepole kuelekea ngozini. Shika shina la manyoya kwa vidole ili ngozi isivutwe. Usisahau nyuma ya masikio, makwapani na chini ya ukanda wa shingo.

Tatu, pima kazi yako kwa kitana cha chuma. Kikipita toka ngozini hata nchani bila kukwama, ndipo umwogeshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya mbwa. Suuza sana. Mkaushe kwa kubonyeza taulo, wala usisugue, maana kusugua huleta mafundo mapya.

Nne, usikate kwa mkasi fundo lililoshika ngozi. Ngozi huinuka pamoja na fundo, na ni rahisi mno kuikata. Tumia mashine ya kunyolea, nayo uiguse mara kwa mara, kwani hupata moto na kuunguza.

Nilifanya hivyo kila jioni. Juma la tatu Simba alipoona kitana hakukimbia tena, alikuja akalala miguuni pangu. Nilifurahi kuliko nilivyofurahia alama zangu za Hesabu.

Basi, wenzangu, na ninyi wazazi mnaotamani mbwa wa namna hii kwa uzuri wake, kumbukeni kwamba uzuri huo wataka mtu wa kushika kitana kila siku. Usione vyaelea, vimeundwa.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne