Mzee Anaposahau Hadithi ya Leo

Katika nyumba zetu nyingi babu na bibi ndio hazina ya ngano. Mzee akisema "Paukwa!", nao wajukuu wakaitikia "Pakawa!", hadithi aliyoipokea utotoni humtoka bila kukosa neno. Jamaa husikia wakatulia: mzee wa namna hii, husema, hawezi kuwa na maradhi ya kusahau.

Kipimo hicho chaweza kuwadanganya. Ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio chanzo kikubwa cha demensia, yaani kudhoofika kwa akili kutokana na maradhi ya ubongo, kwa kawaida huanza kuharibu ile sehemu ya ubongo inayopokea na kuhifadhi mambo mapya. Ya miaka hamsini iliyopita hubaki. Ya asubuhi hupotea.

Ndiyo maana wataalamu hutumia hadithi ngeni. Mwaka 1945 David Wechsler wa Marekani alitoa kipimo cha kumbukumbu chenye hadithi fupi. Mtu husomewa, kisha huisimulia papo hapo. Katika toleo la 1987 iliongezwa hatua ya kuisimulia tena baada ya nusu saa. Mzee mwenye afya aweza kupoteza jina au hesabu, lakini kiini cha kisa anacho, na akidokezwa hukumbuka. Mgonjwa aghalabu hubaki na vipande vichache, na pengine hata husahau kwamba alisimuliwa kitu.

Hata hivyo, hadithi moja haitoshi kutoa hukumu. Uziwi, lugha ngeni na kukosa elimu ya shule huweza kumshusha mtu asiye na ugonjwa. Kwa sababu hiyo watafiti waliofanya kazi wilayani Hai, Kilimanjaro, walitunga kipimo kiitwacho IDEA, kisichodai kusoma wala kuandika: mzee hukumbuka maneno kumi aliyotajiwa, na hupanga njiti za kiberiti kwa umbo aliloonyeshwa.

Basi tusiwatahini wazee wetu mbele ya watoto, tukawacheka. Mzee akirudia swali lile lile kila mara, au akipotea katika njia aliyoizoea, apelekwe hospitali. Sonona, upungufu wa vitamini B12, na hata baadhi ya dawa huweza kuvuruga kumbukumbu, na hayo yana tiba. Alzheimer haijapata dawa ya kuiponya, lakini familia inayojua mapema hujipanga, na huacha kumgombeza mgonjwa kwa kosa lisilo lake.