"Stout": Shujaa au Mnene?

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayowatatiza wanafunzi wetu wa tafsiri ni "stout". Wengi wamejifunza kwamba maana yake ni "nene", basi huridhika hapo. Wanapokutana na maandishi ya zamani yanayomsifu askari kuwa ni "stout", huandika kwamba askari huyo alikuwa mnene. Sifa imegeuka kejeli!

Neno hili lilikuwa limekwishaingia katika Kiingereza kufikia karne ya 14, kutoka Kifaransa cha Kale, ambako "estout" lilimaanisha jasiri au mwenye majivuno. Asili yake ya mbali ni lugha za jamii ya Kijerumani, na lina udugu na "stolz", neno ambalo Wajerumani wa leo hulitumia kwa mtu mwenye fahari. Hapo mwili haujatajwa; kinachosifiwa ni moyo. Baadaye ushupavu huo ulihamia mwilini, likawa neno la mtu mwenye nguvu, kisha la vitu imara kama kamba na viatu. Kitu imara aghalabu huwa kinene, na kwa njia hiyo, mwanzoni mwa karne ya 19, "stout" likaanza kutumiwa kwa mtu aliyejaa mwili. Lilipendwa kwa ajili ya adabu, maana "fat" lilikuwa kali mno.

Adabu ya namna hii hatuikosi katika Kiswahili. Mtu akiongezeka mwili tunamwambia "umenawiri", neno lililotoka Kiarabu na lenye nasaba moja na "nuru". Ukimwambia "umenenepa" huenda akanuna, ingawa wapo wazee wetu wanaoipokea kauli hiyo kwa furaha.

Nguvu ya awali imebaki katika bia nyeusi. Tangu karne ya 17 Waingereza waliiita bia kali "stout", kwa hiyo jina hilo halihusiani na kitambi cha mnywaji, kama wanavyodai watani.

Mfasiri basi aanze kwa kuuliza umri wa maandishi. Ikiwa ni ya kabla ya karne ya 19, "shujaa", "jasiri" au "mshupavu" yatafaa mara nyingi. Panapokusudiwa mwili wenye nguvu, tunapendelea "mtu wa miraba minne", kwani hubeba upana na nguvu kwa pamoja, jambo ambalo "mnene" halifanyi. Katika riwaya za karibuni "mnene" linatosha, na "bonge" tuliachie mazungumzo ya mtaani. Tahadhari na "-nono": anayenona ni mbuzi, na mfasiri atakayemwita mama mkwe wa mtu "mnono" ajiandae kwa ugomvi.

Kielezi "stoutly" nacho hakijawahi kunenepa. Mshtakiwa aliyekana mashtaka kwa namna hiyo, kwa Kiswahili alikana katakata.