Kumwonyesha Mgeni Njia Jijini Dar es Salaam

Wahenga walisema kwamba mgeni ni kuku mweupe, maana katika kundi lote huonekana yeye kwanza. Katika kituo cha daladala neno hilo huonekana kuwa kweli kila siku. Watu mia wamesimama, na kila mmoja alijua gari lake tangu nyumbani. Mmoja tu ana mkoba mgongoni na ramani mkononi, akitazama huku na huku, na gari baada ya gari lampita. Wapigadebe humwona, wachuuzi humwona, na mwizi naye humwona. Mara nyingi mtu wa kumsaidia ni mtoto wa shule aliyesimama karibu naye, kwa kuwa mtoto huyo amejifunza Kiingereza kidogo, wala hana bidhaa ya kumwuzia.

Kuonyesha njia hudhaniwa kuwa ni kazi rahisi. Mtu huinua mkono, akasema, "Pale!" basi. Lakini wageni wengi waliopotea katika jiji hili hawakupotezwa na watu wabaya. Walipotezwa na watu wema waliojibu upesi kabla ya kulielewa swali. Sababu yake ni kwamba Dar es Salaam ina majina ambayo mwenyeji akiyasikia hukumbuka mahali pamoja, na mgeni akiyataja ana maana ya mahali pengine kabisa.

Mfano mkubwa ni Feri. Mgeni atakaye kwenda Unguja amesoma katika kitabu chake kwamba atapanda feri bandarini. Basi humwuliza mtoto, "Feri iko wapi?" Mtoto humwonyesha Feri, na kwa desturi ya mji hakukosea, kwa kuwa watu wa Dar es Salaam wakilitaja jina hilo wana maana ya pale Magogoni, penye soko la samaki na pantoni ya kuvukia Kigamboni. Mgeni hushukuru, akapanda daladala iliyoandikwa Feri, akafika. Aona maji, aona chombo, aona watu wengi wenye vikapu na baiskeli wakiingia. Moyo wake watulia. Alipa, aingia, na baada ya dakika chache yuko ng'ambo ya pili, Kigamboni, wala Unguja haionekani. Huku nyuma boti ya Unguja, ambayo gati lake li karibu na Kanisa la Mtakatifu Yosefu, mwendo wa dakika 20 hivi kwa miguu kutoka Magogoni, imekwisha ondoka, na tikiti aliyoinunua jana imo mfukoni mwake. Hakuna mtu aliyemdanganya. Lilikosekana swali moja tu: "Je, bwana, wataka kuvuka kwenda Kigamboni, au kwenda Unguja?"

Makumbusho ni vivyo hivyo. Yako Makumbusho ya Taifa, katikati ya jiji, katika Mtaa wa Shaaban Robert, ambayo yalifunguliwa mwaka 1940. Tena kiko Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa mwaka 1967, penye nyumba zilizojengwa kwa namna za makabila mbalimbali ya Tanzania. Nacho kiko yapata kilometa 10 kutoka katikati ya jiji, kando ya barabara ya kwenda Mwenge. Karibu na kijiji hicho kuna kituo kikubwa cha daladala, nacho chaitwa Makumbusho. Basi mgeni aliyesimama Posta, ambaye angeweza kufika Makumbusho ya Taifa kwa miguu yake, akiuliza Makumbusho hupakiwa katika daladala na kupelekwa kilometa 10. Mtoto mwenye akili humwuliza anataka kuona nini. Akisema anataka kuona nyumba za zamani za msonge na za tembe, huyo ni wa Kijiji. Akisema anataka kuona mifupa ya watu wa kale iliyochimbwa Olduvai, huyo ni wa Mtaa wa Shaaban Robert.

Hata neno Posta lina mambo yake. Iko Posta Mpya, na iko Posta ya Zamani iliyo karibu na bahari, na konda apigaye kelele "Posta! Posta!" hana nafasi ya kueleza ni ipi. Kwa mwenyeji si neno, maana atatembea kidogo. Kwa mgeni aliyeambiwa na rafiki yake, "Nakungoja Posta," ni saa nzima ya kungojana, kila mtu mahali pake.

Atajaye stesheni ya reli naye aulizwe aenda mji gani. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kuanzia mwaka 1970 hadi 1975, yaelekea Mbeya na kuvuka mpaka hata Kapiri Mposhi katika Zambia, na stesheni yake iko katika Barabara ya Nyerere, upande wa kwendea uwanja wa ndege. Treni ya umeme ya Morogoro na Dodoma, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, ina stesheni yake katikati ya jiji, karibu na stesheni ya zamani ya Reli ya Kati. Mtu aendaye Dodoma akishushwa Tazara, treni haimngoji.

Tena majina mengine hubaki baada ya kitu chenyewe kuhama. Kwa miaka mingi mabasi ya mikoani yalianzia Ubungo. Mwaka 2021 yalihamishiwa Mbezi, katika kituo kilichopewa jina la Rais Magufuli, mbele ya Ubungo na Kimara katika Barabara ya Morogoro. Vitabu vya wageni vilivyochapwa kabla ya mwaka huo bado vyasema Ubungo, na mgeni hukiamini kitabu kuliko mtoto. Hapo yafaa mtoto amwambie kwa upole kwamba kituo kimehama, na mwaka kilipohama, maana mtu akisikia mwaka huelewa kwamba kitabu chake ni cha zamani.

Baada ya kujua mgeni aenda wapi, limebaki jambo la kumpandisha gari. Daladala ni kitabu, lakini yataka kufundishwa kuisoma. Hapo mbele, juu ya kioo, yameandikwa majina mawili, ndiyo mwanzo na mwisho wa safari; na ubavuni mwake kuna mstari wa rangi uonyeshao njia yake. Mgeni anayejua herufi angeweza kusoma majina hayo, ila waandishi wa daladala hupenda kukata maneno. Katika ramani yake imeandikwa Kariakoo. Juu ya gari imeandikwa K/KOO. Katika ramani ni Gongo la Mboto. Juu ya gari ni G/MBOTO. Basi mtoto amwandikie mgeni jina kama lilivyoandikwa juu ya gari, si kama lilivyo katika ramani. Kadhalika mwaka 2016 yalipoanza mabasi ya mwendokasi kutoka Kimara, njia moja iliishia Kivukoni, nyingine Gerezani huko Kariakoo, na nyingine Morocco. Morocco hiyo si nchi ya Moroko iliyo Afrika ya Kaskazini, bali ni kituo cha Kinondoni. Lakini mgeni akiona basi la mji limeandikwa hivyo hushangaa, na si ajabu.

Jambo jingine ni upande wa barabara. Magari ya Tanzania hupita mkono wa kushoto. Mjerumani, Mfaransa na Mmarekani wamezoea magari yapitayo mkono wa kuume, kwa hiyo husimama upande usiofaa, wakapanda gari lenye majina yale yale mawili, lakini lililo katika safari ya kurudi. Aliyetaka Posta hujikuta Mwenge. Hatari iliyo kubwa zaidi ni wakati wa kuvuka barabara, kwa maana mgeni huyo hutazama kwanza upande ambao magari hayatoki. Haitoshi kumwambia, "Kituo kiko ng'ambo." Yafaa mtoto avuke pamoja naye, au amwonyeshe kwa mkono upande wa kutazama kwanza.

Nauli hulipwa kwa konda ndani ya gari. Viwango vyake hupangwa na LATRA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria mwaka 2019, wala konda hana ruhusa ya kumwongezea mtu nauli kwa kuwa ni mgeni. Mtoto aweza kumtajia mgeni nauli kabla hajapanda. Lakini angalia: asimtajie nauli yake mwenyewe. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima, na mgeni akiishika hiyo atagombana na konda safari nzima, naye konda ndiye mwenye haki.

Kwa mtu atakayekwenda kwa miguu, maneno "mbele kidogo" na "si mbali" hayana faida. Mtu aliyezoea kutembea kilometa 5 kwenda shule ana "si mbali" yake, na bibi kizee kutoka Ulaya ana yake. Majina ya mitaa nayo hayasaidii sana, kwa kuwa wenyeji wachache huyatumia. Kilicho bora ni kumpa kitu ambacho jicho haliwezi kukikosa. Katika jiji la Dar es Salaam hapana kitu kifaacho kazi hiyo kuliko Sanamu ya Askari, iliyotengenezwa kwa shaba na kusimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Askari huyo ameshika bunduki yenye singe, na singe hiyo yaelekea bandarini. Mgeni aliyepotea karibu na Posta Mpya aambiwe hivi: "Fuata barabara hii mpaka umwone askari wa shaba. Kisha uende upande ule bunduki yake ielekeako, mpaka uone kanisa lenye mnara na vigae vyekundu, na bahari mbele yako. Ukiielekea bahari, boti za Unguja ziko mkono wa kuume, na pantoni ya Kigamboni iko mkono wa kushoto." Maneno hayo ni machache, na mtu aweza kuyashika yote kichwani pasipo ramani.

Liko jambo moja liwashindalo hata watu wazima, nalo ni kusema, "Sijui." Wengi huona ni aibu kumwacha mgeni pasipo jibu, kana kwamba wamemnyima maji. Kwa hiyo humwonyesha upande wo wote, wakitumaini kwamba mtu wa mbele atamweleza vizuri zaidi. Mtu wa mbele naye hufanya vivyo hivyo. Mgeni huzunguka mpaka jua lachwa, na Dar es Salaam jua huchwa upesi, karibu saa kumi na mbili u nusu, na giza la mjini si la kutembea na mkoba mgongoni. Mtoto asiyejua na aseme hajui, kisha ampeleke kwa mwenye duka, au kwa askari polisi, au kwa mzee aliyeketi karibu: "Shikamoo, babu. Mgeni huyu ataka kwenda Mbezi, nami sijui gari lake." Mzee atamjua mtu wa kumwuliza.

Saa nazo zimewachelewesha wageni wengi. Waswahili huhesabu saa kutoka mapambazuko, na Wazungu huhesabu kutoka usiku wa manane. Kati yao iko tofauti ya saa 6. Mgeni aliyejifunza Kiswahili kidogo akiambiwa kwamba boti yaondoka saa tatu u nusu asubuhi, ataona ni usiku bado, naye atafika gatini gizani. Akiambiwa saa tatu u nusu pasipo neno "asubuhi", atakuja alasiri, boti imekwisha fika Unguja zamani. Mtoto asisumbuke kwa hesabu. Amwonyeshe katika saa yenye mishale: pale mshale mfupi utakapokuwa. Mshale ni ule ule kwa Mswahili na kwa Mzungu.

Mwisho wa kazi ya mtoto ni mlangoni pa gari, si ndani yake. Asipande na mgeni, wala asiingie katika motakaa yake hata akiombwa kwa maneno matamu na ahadi ya kurudishwa, maana wazazi wake hawajui aliko. Asidai fedha kwa kuonyesha njia. Kazi iliyosalia ni ya konda, naye aambiwe waziwazi: "Kaka, mgeni huyu ashuke Makumbusho, ile ya kijijini. Tafadhali usimpitishe." Yafaa abiria wa karibu wayasikie maneno hayo, kwa sababu konda ana watu wengi na aweza kusahau, lakini mama aliyeketi kiti cha pili akisikia hatasahau. Gari likikaribia kituo ndiye atakayepiga kelele, "Shusha! Yuko mgeni hapa!"

Na ikiwa mgeni hajui Kiswahili hata neno moja, hapo karatasi husema kwa niaba yake. Iandikwe kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili, jina la kituo cha kushukia na mahali anapokwenda: NASHUKA POSTA MPYA. NAKWENDA MAKUMBUSHO YA TAIFA. Kisha mtoto amwulize amelala nyumba gani ya wageni, na kituo kilicho karibu nayo, akiandike hicho nyuma ya karatasi ile ile. Wengi husahau upande huo wa pili, na mgeni aliyefika salama asubuhi hupotea jioni alipokuwa akirudi, kwa kuwa konda wa jioni hakuambiwa neno na mtu ye yote.