Shing'weng'we na bakuli la bisi

Ifikapo jioni ya tarehe 31 Oktoba, watoto wa Marekani, Ireland na nchi nyingine kadhaa huvaa vinyago na mashuka meupe, wakajifanya mizimu, wakapita nyumba hadi nyumba wakidai peremende. Sikukuu hiyo inaitwa Halloween. Ni mkesha wa Siku ya Watakatifu Wote, na mila zake zilivushwa bahari kwenda Marekani na wahamiaji wa Ireland na Scotland katika karne ya 19. Miaka ya karibuni imeanza kubisha hodi hata kwetu. Baadhi ya hoteli na shule za kimataifa za Nairobi na Dar es Salaam huiandalia tafrija, na televisheni imeiingiza sebuleni kwa kila mwenye king'amuzi. Wazazi wa mijini wanauliza: watoto wanataka usiku wa kutisha, sasa tufanyeje?

Jibu langu ni fupi. Usiku wa kutisha tunao wenyewe, na hauhitaji kununua boga lililochongwa meno. Unahitaji hadithi moja na nusu kikombe cha mahindi ya bisi. Ila bisi zina kanuni zake, na katika jambo hili zipo sehemu mbili tatu ambazo mzaha unaweza kugeuka kilio. Ndiyo maana nimeona niutumie muda wetu wa leo jikoni.

Tuanze na hadithi, maana bisi bila hadithi ni mahindi tu.

Huko Migato, katika Wilaya ya Itilima iliyomegwa kutoka Bariadi mwaka 2012, mwaka uleule Mkoa wa Simiyu ulipozaliwa, kama ilivyo kote Usukumani, zimwi linalotajwa na wazee ni Shing'weng'we. Zamani hadithi hizi zilikuwa na mahali pake. Paliitwa shikome, yaani moto wa jioni uani, ambapo wazee waliketi na vijana wakawafunza mambo ya dunia. Giza lilikuwa nyuma ya mgongo, moto mbele ya uso, na sauti ya fisi kwa mbali ilifanya kazi ambayo leo mabwana wa sinema wanailipia fedha nyingi.

Shing'weng'we, wanasema, alimeza watu wote wa nchi pamoja na mifugo yao. Akaponea mwanamke mmoja tu, mjamzito, aliyejificha ndani ya lundo la makapi ya nafaka. Akajifungua mtoto wa kiume, akaitwa Masala Kulangwa, jina la mtu mwerevu anayeelewa upesi. Mtoto alipokua akauliza baba yake yuko wapi. Alipoambiwa, akatoka kwenda kumtafuta zimwi. Siku ya kwanza akarudi na panzi, akitangaza kwamba amemuua Shing'weng'we. Mama akamwambia huyo ni panzi, mwanangu, tumkaange tumle. Siku nyingine akaleta ndege, kisha swala, na kila mara mama akamjibu vilevile. Mwishowe akakutana na zimwi mwenyewe, akamuua, akampasua, na watu wote wakatoka wakiwa hai. Ila kisu kilikata sikio la bibi kizee mmoja, naye badala ya kushukuru akawaka hasira na kutaka kumroga kijana. Masala Kulangwa akatafuta dawa, akalitibu lile sikio, na watu wakamfanya mtawala wao.

Tazama sasa, msikilizaji, jinsi hadithi hii inavyojiandaa yenyewe kwa meza ya watoto. Ipo nafaka, lipo tumbo lililojaa hadi kupasuka, na kinatoka kitu kizima kutoka ndani. Hicho ndicho kinachotokea kwenye sufuria ya bisi.

Punje ya bisi ni ndogo na ngumu, na ganda lake halivuji. Ndani yake mna wanga, na katika wanga huo maji kidogo, yapata asilimia 14 ya uzito wa punje. Ukiipasha moto, maji yale yanataka kuwa mvuke lakini hayana pa kutokea. Mgandamizo unapanda hadi karibu mara tisa ya ule wa hewa tunayovuta. Joto likifika nyuzi 180 hivi, ganda linashindwa. Mvuke unatoka kwa kishindo, wanga uliolainika unafumuka kama povu, kisha unapoa papo hapo na kukauka katika umbo lile jeupe tunalolijua. Mwaka 2015 wanasayansi wawili wa Ufaransa, Emmanuel Virot na Alexandre Ponomarenko, walizipiga picha za kasi bisi zikipasuka ili kujua sauti ile inatoka wapi. Waligundua kwamba mlio ni wa mvuke unaofyatuka, na kwamba punje huruka kwa sababu wanga unachomoza kama mguu na kuisukuma sufuria. Kwa hiyo bisi huruka kwa mguu wake mwenyewe. Wasimulie watoto hilo, watacheka.

Mahindi ya ugali hayafanyi hivyo, hata uyasubiri hadi mkaa uishe. Wanga wake mwingi ni laini, na ganda lake huvujisha mvuke mapema. Utapata mahindi ya kukaanga, chakula kizuri kwa mwenye meno, lakini si bisi. Nunua mahindi yanayouzwa kwa jina hilo hasa, sokoni au dukani.

Hapo nataka nisimame kidogo, kwani hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mwisho wa Oktoba ni wakati ambao mvua zinasubiriwa, na maduka ya pembejeo yanajaa mifuko ya mbegu. Mbegu nyingi za mahindi za dukani zimepakwa dawa ya kuua wadudu na ukungu, na kwa makusudi hutiwa rangi, nyekundu, ya waridi, ya kijani au ya buluu, ili mtu asizile. Mtoto haijui maana ya rangi hiyo. Kwake punje nyekundu ni punje ya sherehe. Mbegu hizo zisikaangwe, zisichemshwe, na usidhani kuziosha kunaondoa sumu. Mfuko wa mbegu usikae jikoni wala chini ya kitanda cha watoto, na mfuko mtupu usigeuzwe kuwa chombo cha kuwekea chakula.

Pili ni ukungu. Punje zenye madoa ya kijani au nyeusi, au zenye harufu ya uvundo, zitupwe. Usimpe hata kuku. Sumukuvu haimalizwi na moto wa jikoni. Hatujasahau mwaka 2016, ilipoua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, wala mwaka 2004 huko Kenya, ambapo watu 125 walifariki kwa kula mahindi yaliyoharibika.

Turudi kwenye sufuria. Chukua sufuria nzito yenye mfuniko, weka mafuta vijiko vitatu vikubwa. Sisi wa Simiyu, mkoa unaoongoza nchini kwa pamba, tuna mafuta ya pamba, nayo huvumilia moto mkali vizuri. Lakini yawe yamesafishwa kiwandani, kwa sababu mafuta ghafi ya pamba yana sumu yake ya asili. Ya alizeti nayo yanafaa. Tia punje tatu tu, funika, subiri. Zikipasuka hizo, mafuta yako tayari. Mimina nusu kikombe cha punje, epua kwa nusu dakika ili zote zishike joto pamoja, kisha rudisha motoni. Tikisa sufuria, na uache upenyo mdogo kwenye mfuniko mvuke utoke, la sivyo bisi zitarudi kulowa na kuwa kama mpira. Milio ikipungua hadi kuhesabika, epua. Anayengoja punje ya mwisho hula bisi zilizoungua.

Nusu kikombe hicho kitakupa vikombe 14 hadi 16 vya bisi. Ukipata nusu yake, usimlaumu muuzaji haraka. Kiangazi chetu cha Usukumani ni kikavu, na punje zilizoanikwa juani au kuachwa wazi hupoteza yale maji tuliyoyataja. Dawa yake ni rahisi. Zitie kwenye chupa yenye kifuniko, vikombe vitatu kwa kijiko kimoja kikubwa cha maji, tikisa mara kwa mara hadi maji yanywewe, kisha ziache siku mbili tatu. Zikaange kidogo kwanza kwa kujaribu.

Sasa matonge ya Shing'weng'we. Anayejua kupika kashata ameshajua nusu ya kazi. Kwa vikombe 10 vya bisi, chukua kikombe kimoja cha sukari, robo kikombe cha maji, kijiko kidogo cha maji ya ndimu na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Ndimu inazuia shira isigande kuwa mchanga. Ukitaka rangi ya damu, badala ya maji tumia rozela iliyochemshwa ikawa nzito. Yenyewe ni chachu, hivyo ndimu haihitajiki. Ukitaka macho ya njano ya fisi, tia manjano kidogo sana, kwani yakizidi utakula pilau. Rangi ya kutia nguo au mikeka isikaribie jiko, hata kama muuzaji anaapa.

Chemsha shira bila kuikoroga sana. Dondosha tone kwenye maji baridi. Likigeuka gololi ngumu ambayo bado inabonyea, tia kijiko kikubwa cha siagi, mimina juu ya bisi ulizokwisha chambua punje zisizopasuka, changanya kwa mwiko wa mbao. Acha ipoe hadi mkono wa mtu mzima uivumilie, paka viganja mafuta, kisha finyanga matonge ya ukubwa wa chungwa dogo. Tonge moja liwe kichwa, zabibu kavu ziwe macho, kipande cha ganda la chungwa kiwe ulimi. Moja likatwe ubavu na kufichwa ndani yake panzi wa karatasi. Atakayempata atasimulia sehemu inayofuata ya hadithi.

Watoto wapambe, lakini wasiipike shira. Shira ya sukari ina joto kupita maji yanayochemka, nayo hunata kwenye ngozi. Akiungua mtu, mwagia sehemu hiyo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mpeleke kituo cha afya iwapo jeraha ni kubwa au liko usoni au mkononi. Dawa ya meno, mafuta na majivu, ambavyo majirani wema hukimbilia navyo, vinaongeza madhara.

La mwisho ni kuhusu wadogo zaidi. Madaktari wa watoto wanashauri bisi asipewe mtoto aliye chini ya miaka minne. Ganda lake jembamba na punje isiyopasuka huingia kwa urahisi katika njia ya hewa, na karanga ni vivyo hivyo. Hatari huongezeka mtoto anapokula huku anakimbia au anacheka, na usiku wa zimwi ni usiku wa kukimbia na kucheka. Basi wapange waketi wanapokula, hadithi isimuliwe wakiwa wamekaa, kisha bakuli liondolewe kabla mtu hajajifanya Shing'weng'we na kuanza kuwafukuza. Wadogo wapewe ndizi mbivu au kiazi kitamu kilichochemshwa, kichongwe macho nacho, wasijione wametengwa.

Gharama? Mahindi, sukari, mafuta na mkaa kidogo. Zima taa ya umeme, washa mshumaa au kibatari juu ya kabati mahali watoto hawafiki, na umkaribishe babu au bibi aliye karibu. Wengi wao hawajaombwa hadithi kwa miaka mingi, na wapo wanaojua ya Masala Kulangwa kwa namna nyingine kabisa, wakaongeza wanyama ambao mimi sijawataja. Waache waongeze.

Wamarekani wanapenda kujisifu kwa bisi, na kweli mwaka 1893 Charles Cretors alionyesha mashine yake ya kukaangia katika maonyesho makubwa ya Chicago. Lakini bisi ni kongwe kuliko mashine. Katika pwani ya Peru watafiti walichimbua mabaki ya mahindi, zikiwemo bisi, yenye umri wa takriban miaka 6,700, na tangazo lao lilitoka mwaka 2012. Kwetu mahindi yalifika baada ya Wareno kuanza kuzunguka bara hili. Kwa hiyo mlaji wa bisi, awe Lima, Chicago au Migato, anakula chakula cha wageni wa zamani, na hakuna wa kumwambia mwenzake kwamba ameiga.

Matonge yanayobaki yawekwe kwenye kopo lenye kifuniko, yatakaa siku mbili tatu bila kulainika, iwapo mvua haijaanza. Na zile punje nzima zilizogoma kupasuka, kama hazikutiwa chumvi, asubuhi wamwagie kuku.