Rekodi za Mifugo: "Wameingia 5, Wametoka 3" Haitoshi

Vijana wengi mnaonunua ng'ombe mnadani na kuwanenepesha mna daftari zuri tu la hesabu: bei, pumba, mashudu, dawa, faida. Ila ukurasa wa mifugo unakuta "wameingia 5, wametoka 3". Watano gani? Watatu gani? Shida inaanzia hapo.

Chukulia homa ya mapafu ya ng'ombe. Mnyama anaweza kukaa na maambukizi wiki kadhaa, hata miezi, bila kuonyesha dalili. Mmoja akianza kukohoa leo, daktari wa mifugo atauliza: alitoka wapi, aliingia lini, alichanganyika na wepi, na mliowauza baada ya hapo wako wapi? Ukikosa majibu, kundi lako zima linashukiwa, na aliyenunua kwako hapati taarifa mapema.

Kila anayeingia au kutoka, andika:

1. Tarehe, siku ileile. Usingoje kesho.
2. Namba ya hereni. Isome sikioni mwenyewe, usinakili tu karatasi ya muuzaji.
3. Jinsia, rangi na umri.
4. Alikotoka au anakokwenda, pamoja na jina na simu ya muuzaji au mnunuzi.
5. Namba ya kibali cha kusafirisha na ya gari.

Wanaosahaulika

Ndama waliozaliwa, waliokufa, waliochinjwa nyumbani, dume la kuazima, na waliopelekwa malisho ya mbali hata kama watarudi. Wote waandikwe.

Hereni ikidondoka, mwone afisa mifugo. Akiwekewa mpya, andika namba ya zamani na mpya kwenye mstari mmoja, la sivyo historia yake imekatika. Na usithubutu kumvalisha hereni ya ng'ombe aliyekufa.

Hakiki kila mwisho wa mwezi

Ulianza na 40, wakaingia 12, akazaliwa 1, ukauza 9, akafa 1. Zizini wawe 43. Ukihesabu 42, tafuta kosa siku hiyohiyo, maana baada ya miezi mitatu hakuna atakayekumbuka. Kisha soma hereni moja moja. Idadi inaweza kulingana na namba zisilingane.

Utambuzi na ufuatiliaji wa mifugo uko kisheria tangu 2010, lakini usiandike kwa kuogopa ukaguzi. Andika ili ugonjwa ukibisha hodi, uweze kuonyesha ng'ombe gani alipita wapi.