Mteja anasema skrini ya kalkuleta haionyeshi namba? Kagua haya kabla ya kurudisha hela

Wauzaji wa vifaa vya elektroniki mtandaoni, hii yenu. Mwanafunzi kanunua kwako Arduino Uno, kibodi ndogo ya vitufe 16 na skrini ya LCD ya mistari 2 yenye kibao cha I2C nyuma. Anaunda kalkuleta ya mradi wa shule. Kesho yake: "Skrini yako mbovu, nirudishie hela." Mara nyingi skrini ni nzima. Muulize hivi:

1. Taa inawaka ila maandishi hayaonekani? Azungushe polepole skrubu ndogo iliyo kwenye kile kibao cha nyuma. Hiyo ndiyo inakoleza maandishi.

2. Inaonyesha viboksi tu mstari wa juu? Akague waya, kisha anwani ya skrini kwenye programu. Mara nyingi ni 0x27 au 0x3F, ajaribu zote mbili.

3. Anabonyeza 1 inatokea namba nyingine? Waya 8 za kibodi zimechanganywa: 4 ni za safu za kulala, 4 za kusimama.

4. Anabonyeza 1 kisha 2, inabaki 2 badala ya 12? Hilo ni la programu. Namba ya kwanza izidishwe kwa 10, ndipo ijumlishwe mpya: 1 × 10 + 2 = 12.

Akimaliza yote na bado kimya, mbadilishie bila ubishi. Na kuanzia leo, kabla hujafunga mzigo, washa skrini, rekodi video fupi ikiandika, mtumie mteja. Ugomvi unaisha hapo.