Mbele muuguzi afike, mikono yetu ianze

Wandugu wa kazi, na nyinyi wamama munaotungojea nyumbani, leo tunazungumza juu ya moyo unaosimama gafula.

Katika dispanseri moja ya kazi hapa Likasi kuna muuguzi mupya, binti wa Kikula, A1, ambaye hajamaliza mwaka kazini. Kila jioni, hata umeme ukikatika, anafungua kitabu chake kwa mwanga wa telefone. Anatafuta cheti cha kuamsha moyo, kile cha kiwango cha juu, kinachotolewa kwa mafundisho ya American Heart Association ya Marekani. Ule mutihani si muchezo. Kwa maandishi lazima apate asilimia 84. Kisha anasimama mbele ya sanamu ya plastiki, na yeye njo kapita wa timu: anaamuru nani afinye kifua, nani atoe sindano, nani apitishe hewa. Na cheti kinadumu miaka 2 tu. Kisha anaanza tena.

Anajifunza kusoma ile michoro ya moyo kwenye mashini. Kuna moyo unaotetemeka bila mupango, na moyo unaokimbia mbio sana bila kusukuma damu. Hiyo miwili inapigwa umeme wa defibrilateri. Lakini musitari ukilala sawa, ao moyo ukichora vizuri na mapigo hayasikiki, umeme hausaidii: ni kufinya kifua, na adrenalini miligramu 1 kila dakika 3 mpaka 5. Lazima atafute pia sababu, na sababu nyingi ziko katika kazi yetu: kukosa hewa ndani ya shimo, damu kumwagika, hewa kufungiwa kifuani mbavu zikivunjika, sumu. Hata muguu uliobanwa na jiwe saa nyingi, ukitolewa, unaweza kutupa potasiamu nyingi ndani ya damu na kusimamisha moyo.

Tulimuuliza kitu gani kinamusumbua zaidi. Alitujibu kwamba dawa anaweza kuzishika kichwani. Kinachomunyima usingizi ni zile dakika mbele mugonjwa afikishwe kwake.

Alisema kweli, na sisi tunajua. Miaka iliyopita, katika kampuni moja ambayo hatutaitaja, mwenzetu alipigwa na umeme mbele ya macho yetu. Tulimumwagia maji. Tulimupepea na kofia za kazi. Tulimuita jina. Kisha tukamutupa ndani ya kamyoneti na kukimbia naye. Pale dispanseri walitupokea na shuka. Kati yetu sisi wote, hakuna aliyeweka mukono juu ya kifua chake, juu hakuna aliyekuwa ametufundisha.

Na ile elimu yenyewe ilitoka katika vifo vya wafanyakazi kama sisi. Kule Marekani, watu wa nyaya za umeme walikuwa wanakufa kazini, na makampuni ya umeme yakalipia utafiti. Aliyeufanya, William Kouwenhoven, alikuwa injinia wa umeme katika chuo cha Johns Hopkins, pale Baltimore. Mwenzake, Guy Knickerbocker, aliona kwamba kukandamiza tu kifua cha imbwa na vyuma vya mashini kulipandisha damu. Mwaka 1960, wao wawili pamoja na daktari James Jude, wakatangaza: mikono miwili inaweza kutembeza damu ya mutu ambaye moyo wake umesimama.

Kwa hiyo, sikilizeni. Mwenzako akianguka, kata umeme kwanza. Kama ni gazi, usiingie bila vyombo, usije ukawa maiti ya pili. Muite, umutikise mabega. Hajibu, hapumui, ao anakoroma kwa shida? Ile kukoroma si kupumua. Tuma mutu aite dispanseri na alete mashini. Muweke chali pahali pagumu. Weka kisigino cha mukono katikati ya kifua, mukono mwingine juu yake, finya senti­mita 5 mpaka 6, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, na uache kifua kipande kila mara. Kila dakika 2, mwingine ashike. Moyo unaotetemeka, bila kufinywa na bila umeme wa mashini, unapoteza karibu asilimia 7 mpaka 10 ya bahati yake kila dakika inayopita.

Sasa kwa wakubwa wa kazi. Code du travail ya tarehe 16 Oktoba 2002 inaweka kamati ya usalama na usafi mahali pa kazi. Delege wenu wapeleke mambo 3 katika kikao kinachokuja: defibrilateri karibu na watu, si ndani ya ofisi iliyofungwa na ufunguo, saa moja ya mafunzo kwa kila timu, ile ya usiku pia, na muuguzi anayesomea cheti alipiwe masomo na siku zake. Leo huyu binti anajilipia kwa mushahara wake mudogo, na atakayeamka ni mutu wa kampuni.

Mwezi ujao anaenda kufanya mutihani. Tunamutakia baraka. Akirudi, tutamuomba atufundishe sisi pamoja na wamama, juu moyo unasimama hata nyumbani, pembeni ya makala, na kule hakuna dispanseri.